Kabla Hujachukua Ile ya Bunduki

Iweke chini hiyo, Asega. Umeshaitazama mara tisa.
Najua, kazi yangu ni kukuuzia,
elfu mbili ni elfu mbili, na mwenye chumba hasubiri,
lakini mwenzangu katika ugonjwa huu wa picha
hatatoka dukani kwangu na chakula kilichokwisha tafunwa.

Pita huku nyuma. Inama.
Hilo boksi la sabuni.
Hizi hazina sura za watu juu. Nimeziandika mwenyewe
kwa wino mzito, mwandiko wa kuku mwenye haraka.

Hii: Mchimba Kisima. Usicheke.
Mtu anashuka shimoni asubuhi,
kamba kaishika mkwewe.
Kati yao kuna deni. Basi.
Saa nzima unatazama mkono ulioshika kamba.
Mimi nilisahau sigara mdomoni
ikafika nyama. Kovu ndilo hili, guso.

Hii nyingine haina mwisho, imekwaruzika.
Mama anadai barua posta, karani anasema haipo,
mama anakaa kwenye benchi.
Wanafunga, wanafungua, yupo.
Picha inaganda pale karani anapoivuta droo.
Miaka sita najitungia kilichomo.
Candiru, yule wa cherehani, anasema hamna kitu.
Hatujasalimiana tangu Jumatatu.

Lakini ile hasa, ile ninayokupa bila bei,
ni hii. Gurudumu.
Dereva wa lori kapata pancha, vichaka huku na huku,
jua linazama, mtoto kalala kiti cha mbele.
Hakuna kinachotokea.
Hakuna kinachotokea.
Ndio ubaya wake.

Niliionyesha ukumbini kwa Onzima, Jumanne ya mvua:
watu kumi na mmoja na mbuzi asiye na mwenyewe.
Mfasiri wetu Drale unamjua,
mtu wa kumfanya maiti aagize chapati.
Akaanza: "Huyu bwana ni fundi wa Mvara,
spana kaazima, mke hajui yuko wapi!"
Wakacheka, benchi zikalia.
Kisha nati ya tatu ikaangukia majanini
na Drale akanyamaza.

Nikadhani maikrofoni imekufa. Nikatikisa waya.
Haikuwa imekufa.
Tukasikia jenereta nje, mvua juu ya mabati,
na yule dereva akipapasa nyasi, akihema.
Drale aliwahi kupita Karuma
miaka ile ya kusafiri kwa msafara, askari mbele, askari nyuma.
Hajasimulia. Na usiku ule hakusimulia.
Aliishikilia tu maikrofoni karibu na midomo
nayo ikapaza pumzi yake
mpaka hatukujua ipi ni ya ukutani
na ipi ni ya kwetu.

Hakuna aliyedai mia tano yake.
Hakuna aliyepiga makofi pia.
Mmoja, akivaa kofia mlangoni, akasema,
"Kesho weka mpira."
Nikaweka mpira. Ukumbi ukajaa.
Gurudumu likarudi kwenye boksi la sabuni.

Chukua. Usiitazame kwenye simu, nakuomba,
wala usimwite shemeji yako anayeuliza
"sasa huyu ni nani" kila baada ya dakika mbili.
Funga mlango. Umeme ukikatika katikati,
kaa hapohapo gizani, usiwashe redio.

Ile ya bunduki? Haya, ichukue, leta elfu mbili.
Sijasema ni mbaya. Nimesema unaijua.

Ila ukirudi usiniambie Gurudumu ilikuwa nzuri.
Hilo halinisaidii.
Niambie nati ya tatu,
je, aliipata?
Maana nimeiweka picha ile mara nne,
na kila ikifika pale
mimi huwa nimeinama,
nashughulikia waya.